Sura ya Saba: Mtu wa Watu

Kimanga kilikuwa kimepashwa moto mara tatu, na Wakio alikuwa ameapa kwamba mara ya nne haitakuwepo. Mtu anayetaka kuoa huja saa aliyosema. Asipokuja, watu wale chakula chao kingali na ladha, naye akae huko huko aliko. Alifunika sufuria kwa kishindo, akasimama mlangoni mwa jikoni na kuitazama njia iliyopanda kutoka barabarani katikati ya matuta ya kabeji za mama yake. Ukungu wa Werugha ulikuwa umeshuka mapema siku hiyo. Njia ilionekana hatua ishirini tu, kisha ikapotea, na katika hizo hatua ishirini hapakuwa na kiumbe ila kuku.

Kituku alikuwa amesema saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Si umpigie tena?" alisema Abby, mdogo wake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akikwangua ukoko na kuula.

"Sipigi."

"Basi nipe simu nimpigie mimi."

"Ukimpigia atakwambia yuko karibu. Amekuwa karibu tangu asubuhi."

Abby alicheka. "Huyo jamaa yako, dada, hata mbinguni atachelewa. Atakuwa amesimama njiani kusukuma gari la shetani limekwama."

Wakio hakucheka. Angecheka siku nyingine, kwa maana ilikuwa kweli. Lakini leo haikuwa siku ya kuchezea. Sebuleni, nyuma ya ukuta wa mbao uliotenganisha jiko na viti vya wageni, alikuwa ameketi baba yake mdogo, Thadeus, aliyetoka Ronge tangu alfajiri ili amwone huyo Mkamba wa Voi ambaye Wakio hakuacha kumtaja. Tangu baba yake Wakio afariki, miaka tisa sasa, hakuna neno kubwa lililopita katika nyumba ile bila kupitia kinywani mwa Thadeus. Na Jumamosi ijayo watu wa Bura walikuwa waje kumposea Hillary Mwandawiro, kijana wa ofisini, mwenye mshahara, mwenye gari, mwenye adabu, asiyewahi kuchelewa hata kanisani. Thadeus alikuwa amewaahidi jibu kabla ya jioni ya leo. Ama aje Hillary, ama asije. Na Thadeus mwenyewe angeondoka saa kumi na moja.

Mama yake, Rachel, aliingia jikoni akijifunga leso upya. Aliamka usiku wa manane kuchemsha mihogo na maharagwe, akaviponda kwa mikono yake kuwa kimanga ili mgeni asikute chakula cha kuaibisha, na sasa macho yake yalikuwa mekundu, haijulikani ni kwa moshi au kwa fedheha.

"Subira huvuta heri, mwanangu," alisema, lakini alisema kama mtu anayejiuliza.

"Mama, hii nimeivuta mpaka imekatika."

"Alisema amepatwa na nini?"

Wakio alipumua. Simu ya mwisho ilikuwa ya saa nne kamili, saa ile ile ambayo Kituku alipaswa kuwa akibisha hodi. Alikuwa Mwatate. Kulikuwa na mama mmoja pale, alisema, na pikipiki iliyombeba imekata cheni.

"Kituku," Wakio alikuwa amemwambia simuni.

"Dakika kumi tu."

"Kituku, leo."

"Ana nyanya, Wakio. Kreti nne. Zitaharibika." Kisha mtandao ukapotea, au simu ikaisha chaji, au akaitia mfukoni akashika spana. Kwa Kituku yote matatu huwa kitu kimoja.

"Alipatwa na nyanya," Wakio alimjibu mama yake.

Tuseme ukweli: wema huo huo ndio uliomfanya ampende. Karakana ya Kituku ya pikipiki na chumba cha Wakio cha ushonaji vilitazamana kule Voi, na katika mtaa ule maji hutoka Jumatano, yakipenda. Kituku alikuwa wa kwanza kufika kwenye foleni ya mitungi na wa mwisho kuondoka, kwa kuwa kila aliyekuja nyuma yake alikuwa na sababu ya kupita mbele. Huyu mjamzito, yule mzee, yule ana mgonjwa. Watu walimwita mtu wa watu. Jumatano moja Wakio alilala na malaria, na alipofungua mlango jioni alikuta mitungi miwili imejaa, imefunikwa vizuri, bila barua wala salamu. Alilia kidogo siku ile. Halafu wiki iliyofuata akaja kusikia kwamba mitungi ya namna hiyo iliachwa kwenye milango saba, na tangu hapo kuna kitu kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, mimi ni mlango wa ngapi?

Mlio wa pikipiki ulisikika chini, ukapanda, ukanyamaza. Mbwa akabweka. Na kutoka kwenye ukungu akatokea Kituku.

Wakio alitamani ukungu ule urudi umfunike. Shati jeupe alilomshonea mwenyewe, kola aliyoirudia mara mbili ili ikae sawa, lilikuwa na girisi mpaka kwenye viwiko. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini. Kwapani amebana blanketi la mama, lile blanketi zito la kahawia walilolichagua pamoja sokoni Voi kwa sababu baridi ya Julai humtesa mama mifupa. Mkononi ana mfuko. Usoni ana lile tabasamu lake la mtu anayejua amekosa na bado amefurahi kukuona.

Thadeus alikuwa tayari ametoka kizingitini, mrefu, kofia kichwani, saa mkononi. Kituku aliinama kwa heshima na kutoa salamu aliyofundishwa na Wakio kwa wiki nzima, akiirudia huku anafungua magurudumu.

"Kwawuka, baba."

Jikoni, Abby aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo huwa ya asubuhi, kijana," alisema Thadeus.

"Najua, baba. Nilikusudia kufika asubuhi."

"Ahaa." Thadeus aliitazama saa yake. Miaka ishirini ya unaibu mwalimu mkuu ilikuwa imemfundisha kwamba kutazama saa kunatosha.

Kituku alimkabidhi mama blanketi kwa mikono miwili. Mama alilipokea, akalikunjua, na pale katikati palikuwa na doa jekundu ukubwa wa sinia, lenye mbegu.

"Nililitandika chini ya kreti, mama, barabara ile inarusha. Nitalifua. Samahani sana." Kisha akanyoosha mfuko. "Na yule mama amekutumia hizi. Nilimwambia naenda ukweni, akasema nisije mikono mitupu."

Mama alichungulia ndani ya mfuko. Nyanya. Mtu ametoka Voi, amepita Mwatate, amepanda milima yote na kona zake, kuleta nyanya Werugha, kwenye nyumba ambayo nyanya zilikuwa zimerundikwa mpaka chini ya kitanda zikingoja soko.

"Ahsante, mwanangu," alisema mama kwa sauti ndogo. "Karibu."

"Mgeni aliyechelewa atakunywa chai kwanza," alisema Thadeus. "Chakula kitangoja mazungumzo. Lakini anawe."

Wakio ndiye aliyempelekea maji nyuma ya nyumba, kwenye tangi karibu na zizi. Alimmiminia sabuni ya unga viganjani bila kumtazama. Ng'ombe alikuwa akitafuna majani ya nepia na kuwaangalia wote wawili kwa utulivu ambao Wakio aliuonea wivu.

"Umekasirika," alisema Kituku.

"Sijakasirika. Nimechoka. Sugua vizuri, hiyo girisi haitoki kwa kupapaswa."

"Cheni ilikuwa imekwisha kabisa. Nilijaribu kuiunga, ikakataa."

"Na hapo ndipo ukaja zako."

Kituku alisugua vidole.

"Kituku. Hapo ndipo ulikuja zako?"

"Nilimbebea kreti mpaka Voi."

Wakio aliweka jagi chini. "Ulirudi Voi."

"Mara mbili. Pikipiki haibebi nne kwa mpigo, na mimi nilikuwa na blanketi."

"Mwatate nzima hakukuwa na pikipiki nyingine?"

"Zilikuwepo. Walimtajia bei ya kumcheka. Ulitaka nifanye nini, nimwache pale na jua lile?"

"Nilitaka ufike." Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu ya sebuleni. "Hilo tu. Siku moja katika mwaka mzima, nilitaka ufike. Watu wengine hutenda wema wakaenda zao. Wewe ukitenda wema unakaa hapo mpaka ujue majina ya watoto."

"Anao wanne," alisema Kituku, kisha akaona uso wa Wakio na kutamani angemeza ulimi.

"Siku yangu ya kuzaliwa uliniletea keki robo tatu."

"Wale watoto waliosimama dirishani mwa duka walikuwa wanaitazama."

"Robo tatu, Kituku. Nilizima mishumaa upande mmoja. Siku ile tulipopanga kwenda kula nyama, wawili tu, tulikula watano. Kiti chetu cha mimi na wewe hakijawahi kukosa mtu wa tatu. Na mimi nikilalamika naonekana mbaya, kwa maana nani atalalamika mtu akiwa mwema? Hata mama yangu ataniambia wema hauozi."

"Hauozi."

"Nyanya zinaoza. Mapenzi yanaoza. Mimi pia nitaoza hapa nikikungoja." Machozi yalimjia, akayakasirikia. Aliyapangusa kwa bega. "Ulinitekea maji nilipougua. Nikadhani ni mimi. Kumbe ni milango saba. Niambie basi, katika foleni yako mimi ni wa ngapi? Ukimtendea kila mtu sawa, mimi nitajuaje kwamba unanipenda na si kwamba uliniona nimesimama tu hapo na mtungi?"

Kituku alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kueleza vizuri jinsi injini inavyovuta hewa, lakini jambo hili lilimshinda pa kulishikia. Maji yalimdondoka viwikoni.

"Wakio, mimi sijui kumpita mtu," alisema mwishowe.

"Najua hujui. Hebu nikuulize, tangu uzaliwe, kuna mtu umewahi kumwambia hapana?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta bolti iliyoanguka mchangani, na huo uaminifu wake ndio uliomtia Wakio hasira kuliko uongo wowote.

"Sikumbuki," alisema.

"Wakio," sauti ya Thadeus ilitoka dirishani, ya upole. "Mlete mgeni. Muda unakwenda."

Alimpa taulo, akamtangulia. Alitaka kumwonya, lakini walikuwa wamefika mlangoni. Angemwambia kwamba baba mdogo hakatazi. Hilo ndilo watu wasiomjua hawakulijua. Thadeus hajawahi kumkataza mtu kitu chochote maishani. Yeye huomba. Miaka mitatu iliyopita Wakio alipopata nafasi ya kazi kiwandani Nairobi, mabegi yamefungwa, baba mdogo alikuja, akanywa chai, akasema, nakuomba tu, mwanangu, kaa karibu na mama yako mwaka mmoja. Kwa sauti ile. Wakio, ambaye alikuwa amejiandaa kugombana, alijikuta anafungua mabegi. Mwaka mmoja ulikuwa sasa mitatu. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anakaa uso kwa uso na mtu ambaye hakumbuki kama amewahi kukataa ombi.

Kwa desturi ya nyumba yao, msichana hakai sebuleni akizungumziwa. Wakio aliweka chai mezani, akarudi jikoni, akasogeza kigoda mpaka ukutani. Abby alisogea naye, sikio penye ufa wa mbao.

"Nimesikia wewe ni fundi," Thadeus alianza.

"Ndiyo, baba. Wa pikipiki. Na jenereta kidogo."

"Hapo tumepata bahati. Kanisa letu kule Ronge lina jenereta imelala tangu Pasaka. Nakuomba siku moja uje uitazame."

"Nitakuja, baba."

Wakio alifumba macho.

"Na mama yako hapa, mashine yake ya kukatia nepia imekwama. Anakata kwa panga, na mgongo wenyewe ni huo."

"Nitaitengeneza."

"Na mimi jioni hii usafiri wangu ni wa shida. Nilikuwa nakuomba, kama si usumbufu, unishushe Wundanyi."

"Nitakupeleka mpaka nyumbani, baba."

"Anamzoesha," Wakio alinong'ona.

"Anamzoesha nini?" Abby akauliza.

"Kukubali."

Kijiko kilizungushwa kikombeni. Mama alikohoa. Kisha Thadeus alisogeza kiti, na aliponena tena sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa laini, ile ile iliyofungua mabegi.

"Kijana, nimekutazama. Wewe si mtu mbaya. Ungekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi. Nimeuliza habari zako Voi, na kila niliyemuuliza alikusifu, na hilo ndilo linanitia hofu. Mtu wa watu nyumba yake huwa njia. Watu hupita. Mkewe hubaki anafagia nyayo. Ndugu yangu, baba yake Wakio, alikuwa hivyo hivyo. Alikufa akiwa anapendwa na mlima mzima, na huyu mama hapa akabaki na shukrani za watu. Shukrani hazikati nepia."

Wakio alikuwa hajawahi kumsikia mtu yeyote akisema hivyo juu ya baba yake, na kilichomuumiza ni kwamba hakuweza kusema si kweli.

"Kuna kijana mwingine," Thadeus aliendelea. "Wa Bura, wa kwetu. Atakuwa nyumbani saa ambayo amesema atakuwa nyumbani. Sina haja ya kukuficha. Sasa mimi sikukatazi, kijana. Mimi nani wa kumkataza mtu mzima? Nakuomba. Kwa heshima uliyoonyesha hapa, na kwa ajili ya yule binti mwenyewe ambaye unasema unamtakia mema, nakuomba umwache. Nifanyie hilo."

Wakio alishika ukingo wa kigoda. Alimjua Kituku. Alijua jinsi anavyotikisa kichwa polepole kabla ya kusema sawa. Alijua kwamba ombi likitoka kwa mzee, kwa upole, kwa ajili ya mtu mwingine, Kituku hana ngao. Sasa hivi, alijiambia, sasa hivi atasema nitajitahidi, baba, na atakuwa amenitoa, kama alivyotoa robo ya keki, kwa sababu kuna mtu ameitazama. Alimchukia Kituku kabla hajajibu.

Ng'ombe alisikika akipumua kule nyuma.

"Hapana, baba," alisema Kituku.

Abby aliacha kutafuna.

"Sikukusikia," alisema Thadeus, ingawa alikuwa amesikia.

"Nimesema hapana. Unisamehe. Sijazoea kulisema, labda nimelisema vibaya. Yale mengine uliyoniomba nimeyakubali kwa kuwa ni yangu kuyatoa. Mikono ni yangu, petroli ni yangu. Wakio si wangu kumtoa. Na hata angekuwa wangu, baba, nisingemtoa."

"Nakuomba kama mzazi."

"Nakusikia kama mzazi. Hapana."

Kiti kililalamika. Thadeus alikuwa hajazoea kuomba mara mbili.

"Unampenda kuliko hao unaowaokoa njiani? Maana leo tumeona, aliyengojwa ni yeye na aliyehudumiwa ni mwingine."

"Hilo ameniuliza mwenyewe sasa hivi, kule nje. Aliniuliza yeye ni wa ngapi. Nikakosa la kumjibu." Kituku alisogeza kikombe. "Jibu nimelipata nilipokaa hapa. Baba, hao wote nawakuta njiani. Yule mama wa nyanya nilimkuta njiani. Yeye Wakio sikumkuta njiani. Yeye ndiye ninakokwenda. Nikichelewa, nachelewa kufika kwake, siendi kwingine. Najua si jibu la kutosha kwa mtu aliyesimama mlangoni tangu asubuhi. Amechoka, na ana haki. Nitajifunza kufika. Lakini kumwacha, hilo msiniombe tena, kwa sababu mtanifanya niwakosee heshima, na mimi nimekuja hapa kuwaita wazazi."

Wakio alijikuta amesimama. Hakujua alisimama lini. Mwaka mzima alikuwa amengoja mtu huyu amnyime mtu mmoja kitu kimoja kwa ajili yake, amengoja kwa hasira, kwa aibu ya kungoja jambo la namna hiyo. Na sasa lilikuwa limekuja, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe hakuweza kumkatalia. Aligeukia jiko, akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Unalia?" Abby alinong'ona.

"Ni moshi."

"Moshi unakwenda upande huu."

Huko sebuleni Thadeus akacheka, kicheko kifupi kikavu cha mtu asiyetaka kucheka.

"Miaka ishirini ofisini mwangu," alisema, "hakuna mwalimu aliyenikatalia mara mbili kwenye chai moja."

"Samahani, baba."

"Usiombe samahani tena, utaliharibu." Kikombe kikawekwa mezani. "Ile mashine ya nepia. Ulisema utaitengeneza. Lini?"

"Jumamosi ijayo, kama mama atakuwepo. Nikija na vifaa."

"Jumamosi ijayo hapa kuna wageni kutoka Bura."

Na kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze, mama yake Wakio alizungumza bila kuulizwa.

"Shemeji," alisema Rachel. "Mume wangu alichelewa kila siku ya maisha yake. Hakuna hata siku moja niliyodhani amekwenda kwingine." Akatulia. "Blanketi nitalifua mwenyewe."

Thadeus aliguna. Aliitazama saa yake, au labda aliitazama tu kwa mazoea, maana hakuonekana kusoma kitu.

"Basi wapigie watu wa Bura, Mama Wakio. Kwa upole, ni watu wazuri. Waambie Jumamosi tutakuwa na fundi." Kisha akamgeukia Kituku. "Saa ngapi?"

"Saa nne, baba."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Tutaona." Akapaza sauti kuelekea ukuta wa mbao, na ilikuwa dhahiri kwamba alijua tangu mwanzo nani amekaa nyuma yake. "Wakio. Kile kimanga bado kipo?"

"Kipo, baba mdogo. Lakini kimepoa."

"Kipashe moto."

Akakipasha. Mara ya nne, baada ya kiapo chote kile. Aliongeza maji kidogo, akakisonga mpaka kikalainika, akapakua sahani tatu za kwanza na kuziingiza sebuleni. Alimpa Thadeus, akampa mama, kisha akamwekea Kituku yake mbele yake, iliyojaa kuliko zote. Kituku aliinua macho. Yalikuwa mekundu, na kucha bado zilikuwa nyeusi, na kola ilikuwa imepinda upande mmoja. Wakio aliitazama ile kola na kuamua kwamba hataigusa mbele ya watu.

Kituku akaishika sahani kwa mikono miwili. Akamwona Abby amesimama mlangoni mikono mitupu, na kabla hajafikiri sahani ilikuwa tayari imeanza safari ya kwenda kwake.

"Kituku," alisema Wakio.

Sahani ikasimama hewani.

"Hiyo ni yako. Kula."

Akaitazama sahani, akamtazama Abby, akamtazama Wakio. Kisha akairudisha mbele yake, akanawa tena vidole kwenye bakuli la maji, na akala.